Mabaharia Ishirini na Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu vipya vinanibana, nikitegemea kuiona bahari. Sikuiona. Kituo chetu cha kupokea taarifa za uhalifu wa baharini kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi jijini Dar es Salaam, na madirisha yake yote yalitazama ukuta wa jengo jingine. Ndani kulikuwa na meza nne, simu sita, redio mbili, na skrini kubwa yenye ramani ya bluu iliyojaa pembetatu ndogo ndogo. Kila pembetatu ilikuwa meli ya mizigo. Meli kubwa hubeba mtambo unaotangaza jina lake, mahali ilipo na inakoelekea, na sisi tuliziona zikisogea taratibu kama ng'ombe wanaokula wakitembea.

Nilisema hivyo kwa sauti, na Msimamizi wa Zamu, mtu wa Pangani, akageuza kiti chake.

"Wewe ndiye yule wa Bariadi?"

"Kasoli, bosi. Ni Bariadi hiyo hiyo."

"Sasa Msukuma, umeacha ng'ombe umekuja kuchunga meli?"

"Ng'ombe hawana injini na meli hazina mkia. Mengine nitajifunza."

Alicheka, akanipa kitambaa nifute skrini. Ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kozi ya miezi tisa ya mawasiliano ya redio, na ndoto nyingi. Nilidhani nitakuwa nakamata maharamia. Mwisho wa wiki ya kwanza Mkuu wa Kituo aliniita ofisini kwake, mtu mrefu anayeongea kama anasoma, akaniambia, "Minza, hapa hatukamati mtu. Hapa tunasikia, tunaandika, tunapeleka. Ukisikia vibaya, utaandika vibaya, na mwenye boti ya doria atakwenda pabaya."

Kazi yenyewe niieleze, maana nikiwaambia vijana wa hapa Kasoli huwa wanauliza nilikuwa na bunduki gani. Nilikuwa na kalamu. Nahodha akishambuliwa, au akihisi anafuatwa, anapiga simu kituoni. Opereta anajaza fomu: jina la meli, mahali ilipo kwa nyuzi na dakika, saa, mashua ngapi, watu wangapi, silaha gani, na hali ya mabaharia. Halafu unachagua aina ya tukio. Meli inaweza kuwa imekaribiwa tu, au imejaribiwa kupandwa, au imepandwa na wezi, au imetekwa. Kuna na mpaka wa kuuangalia. Tukio likiwa ndani ya maili kumi na mbili za baharini kutoka pwani ya nchi, linaitwa wizi wa kutumia silaha, na ni la nchi hiyo kushughulikia. Likiwa nje, kwenye bahari isiyo ya mtu, ndilo linaitwa uharamia. Mwizi ni yule yule na panga ni lile lile, ila anayepaswa kuamka na kwenda anabadilika. Ukimaliza fomu unaituma kwa mwenye eneo, kisha unatangaza tahadhari kwa meli zilizo karibu.

Mwaka wa kwanza nilikaa meza ya kumbukumbu, nikipanga fomu za wengine. Mwaka wa pili nilipelekwa Mtwara kwa miezi minane kwenye ofisi ndogo ya redio, ambako angalau niliiona bahari, nikaogopa ukubwa wake nikarudi ndani. Mwaka wa tatu nikakabidhiwa meza ya simu, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kulieleza.

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu, saa moja. Msimamizi alikuwa anakunywa chai. Nahodha wa meli ya shehena alipiga simu kutoka kwenye eneo la kutia nanga, karibu na mpaka wa maji wa nchi mbili ambazo sitazitaja. Tuliongea Kiingereza cha redio, nakiandika hapa kwa Kiswahili. Alisema watu saba wenye mapanga walipanda kwa nyuma alfajiri, wakavunja stoo, wakachukua kamba, rangi na pampu, wakashuka kwenye mashua mbili na kuelekea kusini. Sauti yake ilikuwa imetulia.

Nikauliza, "Watu wako wote ni wazima, kapteni?"

"Wazima. Wote wazima."

Fomu ilikuwa na kisanduku cha idadi ya mabaharia. Orodha ya meli, iliyotumwa siku mbili nyuma, ilisema ishirini na mmoja. Nikaandika ishirini na mmoja, wote salama. Nikafunga tukio.

Niseme kwa nini sikumwambia awahesabu. Mimi nimelelewa na Bibi mzaa baba, na kwake hakuna aliyeruhusiwa kuhesabu watoto kwa kidole, wala ng'ombe. Ukinyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, unaita pengo. Nilishapigwa ufito kwa hilo. Nilikua, nikasoma, nikaokoka, ila mdomo wangu ulibaki mzito. Swali la "uko na watu wangapi hapo mbele yako" lilikuwa kwenye mwongozo, na kila mara nililizunguka. Nilikuwa nauliza kama wazima, kwa adabu, kama ninavyowasalimu watu wa nyumbani, na mtu akiulizwa hivyo hujibu wazima hata kama anaumwa.

Dakika arobaini baadaye simu ililia. Nahodha yule yule, safari hii sauti imepanda.

"Kituo, tumepungukiwa. Mpaka mafuta wa injini hayupo."

Mpaka mafuta ni baharia wa chini anayeangalia mashine zisikauke. Alikuwa ametoka zamu yake, na kila mmoja alidhani amelala. Mhandisi alidhani, nahodha akamwamini mhandisi, mimi nikamwamini nahodha. Sasa kitanda chake kilikuwa kitupu, na kiatu chake kimoja kilikuwa kwenye sitaha ya nyuma.

Msimamizi aliweka kikombe chini. Alisoma fomu yangu mara moja.

"Umeandika ishirini na mmoja. Nani aliwahesabu?"

"Mimi, bosi."

"Kwa macho yapi?"

Nilifungua tukio upya. Nikapiga simu nchi ya kwanza, ambayo meli ilikuwa kwenye maji yake. Ofisa akanisikiliza vizuri, akasema mashua zimeelekea kusini, kwa hiyo mtu huyo, kama yuko nazo, yuko maji ya jirani. Nikapiga nchi ya pili. Kwa kuwa ni sikukuu alipokea mlinzi, akamwita ofisa, ofisa akaja na kusema meli iliibiwa ikiwa upande wa kwanza, kwa hiyo jambo si lao. "Tuma barua pepe," akasema. Nikamwambia nimeshatuma. Akasema basi itasomwa.

Kwa kawaida kazi yetu ilikuwa inaishia hapo. Imepokelewa, umeandika saa, umemaliza. Lakini mimi baba yangu alikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na nilikua nikiona jinsi nyayo zinavyofuatwa. Ng'ombe wakiibwa Kasoli, mwano unapigwa, ndilo yowe letu la hatari, na wanaume wanafuata nyayo mpaka mpakani. Pale hawageuki kurudi. Wanaita kijiji cha pili, na kiongozi wao anakuja kuziangalia nyayo kwa macho yake na kukanyaga kando yake. Akishakanyaga, ng'ombe ni wa kwake kutafuta. Asipokanyaga, wa kwetu wanakaa hapo hapo. Baba aliwahi kukaa mpakani siku mbili, akiletewa ugali.

Nikamwambia Msimamizi, "Bosi, hakuna aliyekanyaga."

"Unasemaje?"

"Wote wawili wamesikia. Hakuna aliyechukua."

Aliniangalia kidogo. "Haya, fanya unavyojua. Mimi nitatangaza kwa meli za jirani."

Nikampigia tena wa kwanza kwa simu ya kushoto, na wa pili kwa simu ya kulia. Nikawaomba radhi wote wawili. Halafu nikailaza mikono ya simu mezani, sikio la hii kwenye mdomo wa ile, nikainama na kusema, "Waheshimiwa, mpo pamoja. Mtu mmoja yuko majini. Mimi sikati simu."

Kumkatalia karani wa mbali ni rahisi. Kumkatalia jirani mnayekutana naye kwenye mikutano, anayekusikia ukipumua, ni kazi nyingine. Walianza kwa kusalimiana. Wakaulizana sikukuu. Yule wa kwanza akasema kwa upole boti yake iko matengenezo, asingependa kusema uongo. Yule wa pili akakohoa.

"Tuna boti moja," akasema. "Inaweza kutoka."

Nikainama. "Kwa hiyo mnapokea ninyi, ofisa?"

"Tunapokea."

"Naomba jina na cheo. Na naomba unisomee mahali pa kuanzia kutafuta."

"Jina la nini?"

"Niandike nani amekanyaga."

Sidhani alielewa, ila alitaja jina, akasoma nyuzi na dakika. Alikosea tarakimu moja. Nikamsahihisha, akasoma tena. Saa tatu na dakika tano. Nikaandika.

Kutoka saa hiyo sikuwa na la kufanya. Nilikaa nikiitazama pembetatu moja ambayo haikusogea. Msimamizi alinisukumia chai yake, imeshapoa, nikainywa. Saa nane mchana ofisa wa pili alipiga mwenyewe. Wamempata mpaka mafuta akiwa ameshikilia boya la nyavu za wavuvi, mkono mmoja umekatwa, hai. Wezi walimchukua ili mabaharia wenzake wasiwarushie kitu, kisha wakamsukuma majini walipoona anawachelewesha. Daktari alisema bila boti ile asingefika jioni.

Nililia, nikafuta fomu kwa kiwiko maana machozi yalikuwa yanadondoka kwenye wino.

Mkuu wa Kituo aliniita siku ya pili. Nilijua nafukuzwa. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa onyo la maandishi, akanipa nisaini. Ya pili ilikuwa agizo kwa zamu zote kwamba kuanzia siku hiyo tukio halifungwi mpaka mpokeaji ametajwa jina na amesoma taarifa kwa mdomo wake.

"Yote mawili ni yako," alisema. "Usichague moja ukasahau lingine."

Likizo ya mwaka ule nilirudi Kasoli na nikamwangalia Bibi jioni mlangoni mwa zizi. Hakunyoosha kidole. Hakuhesabu. Na bado alijua kabla ya mtu yeyote kwamba ndama wa baka hajaingia. Nilisimama karibu nikasikia midomo yake. Alikuwa anawataja, mmoja mmoja, mwekundu, mwenye pembe iliyopinda, mtoto wa yule aliyekufa, kila anayepita kwa jina lake. Yule asiyeitika ndiye aliyepotea.

Nilirudi kazini na swali jipya. Sikuuliza tena kama ni wazima, na wala sikuuliza ni wangapi. Nilisema, "Kapteni, nisomee majina, na kila mmoja aitikie mwenyewe." Wengine walilalamika kwamba nawapotezea muda. Walisoma hivyo hivyo. Nilisikia sauti za watu wa nchi nyingi sana kwa njia hiyo, kila moja ikisema neno moja tu, nipo. Niliwapenda bila kuwaona.

Baadaye nilikuwa Msimamizi wa Zamu mimi mwenyewe, kwa miaka minne. Mtu wa Pangani alistaafu na kuniachia kikombe chake.

Kustaafu kwangu mimi kulikuja mapema, nikiwa na miaka thelathini na minne, na ndiyo maana hapa kijijini wananitania wakiniita mzee. Meli moja ilikuwa imepandwa, nahodha anasoma majina, na alipofika jina la kumi na nne sikusikia kitu. Nikasema, "Rudia." Akarudia. Kimya. Nikamwambia arudie mara ya tatu, mkono tayari uko kwenye simu ya doria. Opereta wa meza ya pili akanigusa bega.

"Dada, ameitikia. Ameitikia zote tatu."

Tulisikiliza rekodi. Sauti ilikuwepo, kijana mwenye mafua. Mimi sikuisikia. Miaka ya kukandamiza simu sikioni ilikuwa imelila sikio la kushoto, na la kulia lilikuwa linafuata. Safari ile nilikosea upande usiodhuru, kwa kumtafuta mtu aliyekuwepo. Nilijua ipo siku nitakosea upande mwingine. Nikaenda mwenyewe kwa daktari, na nikaenda mwenyewe kwa Mkuu.

Siku ya mwisho nilimkabidhi meza yule opereta. Nilimfanya anisomee mwongozo wote kwa mdomo, nikaandika jina lake, cheo na saa. Alicheka, akasema, "Haya dada, nimekanyaga. Nenda nyumbani."

Watu huniuliza kama naikumbuka bahari. Sijui kama niliwahi kuifahamu. Ninachokumbuka ni majina, na mengi nilikuwa nayatamka vibaya. Sasa nalima pamba ekari mbili. Bibi bado yupo, macho yake hayaoni tena, kwa hiyo jioni ananiweka mimi mlangoni mwa zizi niwataje ng'ombe, yeye anakaa kwenye kigoda upande wa sikio langu zuri. Jirani akipita na "mwadila", salamu zetu za jioni, Bibi anaitikia, mimi siitikii, nisije nikaruka mmoja.

"Wote wamo?" ananiuliza.

Simjibu mpaka nimemtaja wa mwisho, na wa mwisho amepita.