Picha ya Tumbo la Kaka

Waliowahi kulala kwenye kitanda cha siti skani cha hospitali ile waliikumbuka sauti ya mpiga picha kuliko sura yake. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni. Akishakulaza na kukufunga mkanda, alitoweka nyuma ya kioo kizito, ukabaki wewe na lile duara kubwa jeupe, na sauti inatoka kwenye spika: "Vuta pumzi. Zuia. Zuia hapo hapo. Haya, pumua." Wagonjwa walimwita Dada wa Picha. Wenzake kazini walimwita Bi Zuia, na yeye mwenyewe alicheka nao.

Kusoma kwake alimshukuru kaka yake. Baba yao alifariki wangali wadogo, na kaka, ndevu hazijamtoka sawasawa, akaingia machinjioni kubeba mapande ya nyama mgongoni. Baadaye akafungua bucha yake mwenyewe. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Shoka. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alimtania mteja huku mifupa inapasuka kwenye gogo, mteja akaondoka anacheka, hakumbuki tena kwamba nyumbani alitumwa kuku. Hakuwa na mke wa pili, hakuwa na ulevi, hakuwa na siku ya kuumwa. Dada yake alipomaliza chuo, Shoka alikwenda kumtazama amevaa koti jeupe, akamzunguka mara mbili kama anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akasema, "Haya. Sasa nikiumwa nina mtu wangu."

Alipokuja kuumwa, hakumwambia mtu huyo wala mtu mwingine yeyote.

Dada aliona suruali kwanza. Shoka alikuwa amekuja kumtembelea nyumbani, akainuka kwenda kunawa, na mkanda ukawa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Alipomuuliza, akajibu kwamba uzee unaanzia kiunoni. Lakini alikwenda msalani, akakaa, akarudi, na baada ya muda mfupi akaenda tena. Dada akamkalia kooni mpaka akasema.

"Natoka damu kidogo. Ni bawasiri tu. Mtu anayesimama kutwa nzima unategemea nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile."

"Mvua zipi, kaka?"

Shoka akatazama pembeni. Zilikuwa mvua za mwaka uliopita.

Dada hakumpa nafasi ya kupumua. Alimpeleka kwa daktari, daktari akambonyeza tumbo upande wa kushoto, akatazama weupe wa macho yake, akaandika kipimo cha siti skani ya tumbo zima. Mpiga picha mwenzake dada alijitolea kumpima ili dada akae nje kama ndugu wengine. Shoka akakataa katakata. "Nimesomesha mtu," alisema, "halafu nipigwe picha na mtu mwingine?"

Basi ikawa hivyo. Alikuja hajala kitu, akanywa lile chupa la maji yenye dawa huku amekunja uso, akavaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma, akatania kwamba amekuwa bibi harusi. Dada akamtafuta mshipa mkononi. Mikono ile, aliyozoea kuiona imevimba misuli, ilikuwa imelegea ngozi. Akaingiza sindano, akabandika plasta.

"Dawa ikiingia utasikia joto mwilini," alimwambia. "Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

"Na nikijikojolea kweli?"

"Nitafuta mimi. Lala chali."

Akaenda nyuma ya kioo. Akabonyeza kitufe, akasema maneno yake ya kila siku, na kaka yake akavuta pumzi, akazuia, akaachia. Kitanda kikaingia kwenye duara na kutoka. Picha zikaanza kushuka kwenye skrini, tumbo limekatwa vipande vyembamba kimoja baada ya kingine, weusi na weupe na kijivu.

Kusoma picha haikuwa kazi yake. Palikuwa na daktari wa picha kwenye chumba cha pili, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika majibu. Lakini mtu aliyetazama matumbo ya watu miaka yote ile haambiwi. Utumbo mpana, upande wa kushoto, ulikuwa umenenepa ukuta wake na kubana njia, kama soksi iliyofungwa uzi katikati. Akashusha pumzi. Akasogeza picha juu, kwenye ini. Ini zima lilikuwa na mabaka meusi ya mviringo, makubwa kwa madogo, kutoka ukingo hadi ukingo.

Kawaida mashine ikikoma alitoka mara moja kumsaidia mgonjwa kushuka. Siku hiyo hakutoka. Mkono ulibaki juu ya meza, na alipokuja kushtuka, Shoka alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mlango, miguu mitupu, gauni limemwachia mgongo wazi, sindano bado iko mkononi.

"Kaka, huku huruhusiwi kuingia."

"Hilo ndilo ini?"

Dada alinyoosha mkono azime skrini. Shoka akaushika, si kwa nguvu.

"Nimekuuliza, mdogo wangu. Hilo ndilo ini langu?"

"Ndilo."

Akainama, akakaribia kabisa, kama alivyokuwa akifanya machinjioni taa zikiwa hafifu. Aliyafungua matumbo tangu ujana wake. Alijua ini zima linavyong'aa, alijua la minyoo, alijua la usaha. Akayapitishia kidole mabaka yale, moja baada ya jingine.

"Mkaguzi wa nyama akikuta ini la namna hii," alisema hatimaye, "hulichanachana kwa kisu chake, analitupa kwenye pipa la dawa. Hana maswali."

"Daktari ndiye atakayesoma. Usiseme kitu ambacho—"

"Na nyama yenyewe haigongwi muhuri."

"Wewe si nyama, kaka," dada akasema.

Shoka akampapasa kichwani. Kisha akampa mkono amtoe sindano, na wakati anabanwa pamba akamwambia neno lililokuja kuwatesa wote. "Wifi yako asijue. Kitindamimba wetu yuko kwenye mitihani. Nyumba ikianza kulia, mtoto ataanguka. Mitihani ikipita nitamwambia kwa kinywa changu mwenyewe. Niapie."

Dada akaapa. Alikuwa katika hali ambayo angeweza kuapa lolote.

Daktari wa picha aliandika alichoandika, na daktari wa saratani akaeleza kilichobaki: ugonjwa umeanzia kwenye utumbo mpana na kusambaa hadi kwenye ini, wangeweza kuupunguza kasi kwa dawa, kuung'oa hapana. Shoka alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani kumwambia mkewe kwamba ni vidonda vya tumbo. Mkewe, mwanamke mwaminifu asiyejua kufanya jambo nusunusu, akaondoa pilipili yote jikoni. Akamkataza ndimu. Akamchemshia maziwa asubuhi na jioni, akisimama juu ya kichwa chake mpaka kikombe kiishe. Alipomwona wifi yake akamwuliza, "Wewe mtu wa hospitali, eti vidonda vya tumbo mtu hukonda hivi?" Dada akameza mate, akasema hukonda.

Mitihani ikapita. Shoka hakusema. Dada akamkumbusha, kaka akasema kesho. Akamkumbusha tena, kaka akakasirika, akamwambia amwache anywe maziwa yake kwa amani. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mtu aliyeangusha mafahali kwa mkono mmoja aliogopa uso wa mkewe.

Halafu asubuhi moja tumbo likajaa kama ngoma. Hakuna hewa iliyotoka, hakuna haja, na kila alichomeza kilirudi. Utumbo ulikuwa umeziba kabisa. Wakamkimbiza hospitali, wakampasua, wakatoa mdomo wa utumbo ubavuni na kuufungia mfuko wa kupokea choo. Mkewe alikuwa kwenye korido na khanga mdomoni, dada pembeni yake, daktari wa upasuaji alipotoka akivua kofia.

"Tumefungua njia," alisema. "Lakini ini limeharibika zaidi kuliko ilivyoonekana kwenye ile picha ya kwanza."

"Picha ipi?" akauliza mke.

Daktari akamtazama dada. Hakuwa na ubaya. Alidhani wote wanajua. Mke naye akageuka, pole pole, akamtazama wifi yake kutoka miguuni hadi usoni.

"Ulimpiga wewe."

"Wifi, aliniapisha."

"Nilikuwa nampa maziwa," mke akasema. "Ukaja ukakaa kwangu, ukaniona nampa maziwa."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Shoka aliishi wiki chache baada ya hapo, macho ya njano, miguu imevimba, mfuko ubavuni. Mkewe alimsafisha mfuko ule mwenyewe na hakuruhusu mkono mwingine uuguse. Dada alipoingia chumbani, yeye alitoka. Dada alipotoka, alirudi. Mgonjwa aliona, akajaribu kuwapatanisha kwa utani, lakini utani uliishiwa pumzi kabla ya kufika mwisho. Alifariki mchana mkewe akiwa amemshika mkono, na dada yuko kazini, anamwambia mtu mwingine avute pumzi na azuie.

Msibani wifi yake alimsalimia mbele za watu kama inavyopasa, na baada ya hapo simu yake hakuipokea tena.

Daktari wa saratani alikuwa amesema neno jingine, na hilo dada hakuweza kulizika. Ugonjwa ule hupenda kupita kwenye damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe kwa kamera ya utumbo, hata kama hawaumwi. Yeye aliyewalaza mamia alitafuta visingizio mpaka akajionea haya. Akanywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda msalani, akaenda akiwa dhaifu kama kifaranga. Walimkuta na kinyama kidogo kinachoning'inia kwenye ukuta wa utumbo, wakakikata. Kilikuwa hakijageuka kuwa saratani.

Akamfuata kijana mkubwa wa Shoka, aliyeirithi bucha. Akasubiri wateja wapungue, akamweleza. Kijana akaendelea kunoa kisu.

"Shangazi, mimi sina ugonjwa."

"Baba yako naye alisema hivyo."

"Baba alikuambia wewe. Mama hakuambiwa. Sasa unataka niamini maneno yako?"

Dada akaondoka. Akamtumia wifi yake ujumbe mrefu, akiandika kila kitu, mpaka kuhusu kinyama chake mwenyewe. Haukujibiwa.

Mwezi ulipita, ukapita mwingine. Siku moja alitoka kumwita mgonjwa anayefuata, akamwona wifi yake kwenye benchi la korido, amekaa wima, mkoba mapajani, na mwanawe mkubwa amejikunyata kando kama mtoto wa shule aliyeitiwa mzazi.

"Nimemleta," wifi akasema. "Kanywa ile dawa, nimemsimamia mwenyewe. Wapi wanaweka hiyo kamera?"

Dada akawaongoza. Kijana akachukuliwa ndani, na wanawake wawili wakabaki nje ya mlango, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Kinyama chako," wifi akauliza, macho ukutani. "Kiliuma?"

"Hapana. Sikujua kama kipo."

Wifi akatikisa kichwa. Akaufungua mkoba, akaufunga. "Mimi sijakusamehe," alisema.

"Najua, wifi."

"Basi tu ujue."

Mlango ulipofunguliwa, daktari alisema utumbo wa kijana ni safi, arudi baada ya miaka kadhaa. Wifi akainuka, akaenda kumsaidia mwanawe kuvaa viatu, ingawa kijana alikuwa anaweza. Kwenye ngazi akasimama, akasema bila kugeuka kwamba bado kuna binti, na kitindamimba, na kwamba Jumatatu atakuja nao wote wawili.

"Nitakuwepo," dada akajibu, akarudi chumbani kwake, ambako mgonjwa alikuwa amekwishalala chali akimsubiri.