Bolti Aliyoinunua Baba

Harufu ya pumba za moto zilizochanganyika na grisi bado hunirudisha Bombambili, mtaa wa Songea nilikokulia. Juzi nilipita karibu na mashine moja ya kusaga pale Msamala, nikaisikia, nikasimama barabarani na mfuko wangu wa nyanya kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nilimkumbuka Shangazi Perpetua, amechuchumaa mbele ya mashine yetu, kanga ameikaza kiunoni, nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga mpaka anafanana na bibi yake mwenyewe.

Mashine ile ilikuwa yao wawili, yeye na baba yangu, mdogo wake. Waliinunua miaka ile ambayo mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, huku maduka ya mjini, ambayo sisi watoto tuliyazoea yakiwa na rafu tupu, yakianza kufurika sabuni za rangi, ndoo za plastiki na viatu vya kila aina. Baba alikuwa dereva wa shirika mojawapo. Walipompunguza kazini alirudi nyumbani na sanduku la nguo na ukimya ambao mama alituonya tusiuchokoze. Shangazi, aliyekuwa mjane, ndiye aliyemtoa ndani. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa karakana ya misheni, na alimwachia spana zake pamoja na namna yake ya kufanya kazi. Ndugu hao wakaunganisha walichokuwa nacho, wakapata mashine kuukuu ya Kiingereza.

Kifuniko chake kilishikwa na bolti nne, na kilifunguliwa mara kwa mara, maana ukitoka kusaga mahindi kwenda kwenye ulezi wa pombe lazima ubadilishe chekeche lililo ndani. Baba alifungua haraka na kufunga haraka. Shangazi hakuharakishwa na mtu. Alifuta kila bolti kwa kitambaa, akaipaka oili kidogo, akaizungusha kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo akachukua spana. Alikaza kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, mpaka zote zikashika sawasawa. Aliniambia kwamba bolti ikikataa kwa vidole hailazimishwi: ama ina uchafu, ama imeingia upande, ama hapo si pake.

Baba alimcheka. Alisema dada yake anazibembeleza bolti kama kuku wanaoatamia. Shangazi alimjibu kwamba gari la shirika lilikuwa na karakana nzima ya kulitibu, lakini mashine hii ina wao wawili tu. Walitaniana hivyo kutwa, nami niliamini kwamba hakuna ndugu duniani waliopendana kuwashinda.

Ilikuwa msimu wa mavuno, shangazi amekwenda msibani Namtumbo. Foleni ya ndoo na mabeseni ilikuwa imefika barabarani. Baba alipokuwa akibadilisha chekeche, bolti moja ilimponyoka ikapotelea kwenye rundo la pumba. Alipekua, akachekecha kwa mikono, wapi. Wateja wakaanza kunong'ona habari za mashine mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya barabara. Baba akapanda baiskeli mpaka mjini, akarudi na bolti mpya inayong'aa.

Kwa macho, unene wake ulikuwa ule ule. Lakini mashine yetu ilitaka bolti za inchi, na hizi zilizojaa madukani zilikuwa za milimita. Meno ya ile aliyoileta baba hayakulingana na meno ya tundu. Iliingia kidogo, ikagoma. Baba akaikamata kwa spana ndefu, akachomeka bomba kwenye mkia wa spana, akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kililia mlio mwembamba ulionitia ganzi mdomoni, kisha bolti ikaanza kwenda, na chenga za chuma zikadondoka vumbini. Ilipofika mwisho, baba alijifuta jasho, akawasha injini, foleni ikasonga.

Shangazi aliporudi hakuambiwa kitu. Asubuhi iliyofuata alikuwa akimimina mahindi ya mteja wakati ile bolti ilipochomoka. Tundu lilikuwa limekwisha meno. Kilichokuwa kikiishika ni mabaki tu. Kona ya kifuniko ikainuka, mtikisiko ukavunja bolti ya jirani, na kifuniko kikampiga mkono wa kulia.

Nakumbuka injini imezimwa na unga ungali unashuka taratibu hewani. Shangazi alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake. Mbele yake ililala ile bolti mpya, vijia vya meno yake vimejaa chenga za chuma cha mashine yetu. Aliitazama, kisha akamtazama baba. Baba akainama kuufunga mkono wake kwa kitambaa.

Vidole viwili havikukunjika tena. Baba alimpeleka hospitali, akamlimia shamba, hata nilimwona akimchotea maji, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya kwa ajili ya mama. Kwa akili zangu za kitoto niliona mambo yamekwisha. Watu walipouliza, baba aliwajibu kwamba mashine ilikuwa imezeeka, na shangazi aliyasikia majibu hayo akiwa pale pale, bandeji mkononi. Mwishowe mashine ikauzwa kama chuma chakavu. Shangazi akahamia Mbinga kwa binti yake, kwenye mashamba ya kahawa.

Baba alinipeleka kumwona mara moja tu, nikiwa nakaribia kumaliza shule ya msingi. Nilimwamkia, akanivuta kifuani. Jioni, baada ya ugali na dagaa wa Nyasa, alitumiminia chai kwa mkono wa kushoto. Mazungumzo yalipokatika, alimgeukia baba.

"Gaspa, ile bolti ilikuwa ngumu kuingia, eti?"

Alisema kwa upole, karibu kama utani wao wa zamani. Baba alitazama nje, kwenye mibuni.

"Mwaka huu mvua zimechelewa, dada."

"Zimechelewa," shangazi akaitikia, akamwongezea chai.

Asubuhi tukarudi Songea. Hawakuonana tena; tuliporudi Mbinga ilikuwa kumzika shangazi. Watu walipoanza kutawanyika makaburini, baba alibaki amesimama, midomo yake ikitikisika. Aliyoyasema sikuyasikia.

Kwa miaka mingi nilidhani lile swali la shangazi lilikuwa kumbukumbu tu za watu wazima, na nilishangaa kwa nini aliuliza jambo alilolijua. Leo nina umri waliokuwa nao. Naelewa kwamba baba, aliyekwisha kupoteza kazi moja, hakuweza kukiri kwamba ya pili aliipoteza kwa mikono yake mwenyewe. Na shangazi alilijua hilo pia. Hakutaka maelezo wala magoti. Alikuwa amempunguzia mdogo wake mzigo wote mpaka likabaki neno moja tu la kuitikia, naye alikuwa na jioni nzima ya kulitamka, huku dada yake akiendelea kummiminia chai ili asiondoke upesi.