Kelele za Mabomba ya Mama Miran

Mtaa mzima pale Taebaek, Korea, hakuna aliyemshinda Okbun kwa kubana matumizi, na mwenyewe alijisifia hilo kama wengine wanavyojisifia watoto waliosoma. Mifuko ya plastiki aliifua na kuianika. Maji ya kuoshea mchele aliyapikia supu. Aliolewa katika mji huu wa migodi akiwa msichana, enzi ambazo sakafu zilipashwa moto kwa makaa, na usiku alikuwa akiamka kuyabadilisha ili mumewe akitoka zamu asikute sakafu ya baridi. Siku hizi ilikuwepo boila ya gesi, na maji ya moto yalizunguka yenyewe kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu. Kazi yake ilibaki moja tu: kuinama chini ya sinki la jikoni, pale mabomba yanapogawanyika kwenda kila chumba, na kufunga koki ya chumba kisicho na mtu.

Mumewe alipofariki, alizifunga karibu zote. Sebule, akafunga. Chumba cha Miran, binti yao wa pekee aliyeolewa Busan, akafunga. Hata chumba kikubwa walicholala wawili miaka yote ile, akafunga, akahamishia godoro lake kwenye kachumba kalikopakana na jiko.

"Gesi ya nini kupashia hewa moto?" aliwaambia majirani, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Majira hayohayo ya baridi mabomba yakaanza vituko. Boila ikiwaka tu, sakafu ya kachumba inaunguruma, kisha go! go! go! halafu mluzi mwembamba unaokera meno. Okbun alimsimulia Miran kwenye simu, akalifanyia mzaha: "Baba yako kapata zamu mpya, chini ya sakafu yangu." Miran hakucheka.

Mwezi wa kumi na moja Miran alikuja na mwanawe Yuchan, kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba afariki. Walipanga kukaa juma zima. Walimwandalia marehemu meza yake ya vyakula, wakasujudu mbele yake, wakala, wakalala. Asubuhi Okbun alimkuta bintiye anafunga mizigo, macho mekundu.

"Mama, haya mabomba yako! Usiku kucha hayakutuacha. Mtoto atalalaje hapa?"

Okbun alikuwa amelala fofofo kwa uchovu wa kupika, hakusikia kitu. Akabaki mlangoni na kopo la kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, alilokuwa amefunga kwa ajili ya siku yao ya kuondoka, ambayo kwa hesabu zake haikuwa hiyo.

Sasa Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, sikukuu ya watoto kurudi nyumbani, ulikuwa umekaribia, nyumba zote za jirani zilishaanza kunukia mapishi, na kila alipomwuliza Miran kama watakuja, jibu lilikuwa lilelile: "Tutaona, Mama. Na yale mabomba, unajua." Okbun alitamani kumsikia mtoto akikimbia na soksi kwenye sakafu yake hata akawa anatandika na kutandua godoro la Yuchan bila sababu. Mwisho akajipiga moyo konde na kumwita fundi, kitu ambacho maishani mwake hakuwa amekifanya pasipo bomba kupasuka.

Fundi Pyo aliwahi kuchimba makaa katika kikosi cha mumewe, kabla migodi haijafungwa na yeye kugeukia maboila. Alivua viatu, akalala kifudifudi na kutega sikio sakafuni.

"Shemeji, humu mna mashetani."

"Ulipoingia wewe wote wametoka. Tengeneza."

Pyo alifungua koki ya kutolea hewa. Maji yakatoka mfululizo, hewa hakuna. Akaishika pampu kwa kiganja, ikamtetemekea vizuri tu. Akatazama kipimo cha nguvu ya maji, akakuna kichwa. Kisha akapiga magoti mbele ya sinki, akafungua kabati, akamulika tochi ndani. Okbun alimwona mabega yakianza kumtikisika.

"Unacheka nini wewe?"

"Shemeji, pampu hii imewekwa kusukuma maji ya vyumba vinne. Umeiachia njia ya chumba kimoja! Maji yote yanapita hapo mbio kama yanakimbiza treni. Yasigonge kwa nini?"

"Kwa hiyo si ubovu?"

"Ni ubahili." Akawa anazungusha koki moja baada ya nyingine. "Kaka, mumeo, alikuwa akituambia kule shimoni, iko siku utalifunika jua kwa sufuria lisimalize mwanga."

Go, go ikalegea. Mluzi ukafifia, ukakatika. Nyumba ikanyamaza kabisa, na Okbun akacheka mpaka akashika mbavu, kwa furaha ya kuona kwamba kilichomfukuza mjukuu wake kilikuwa kitu cha kuzungusha kwa mkono.

"Basi Miran akija nifungue zote?"

"Fungua zote, na hata mbwa hatasikia kitu."

Kicheko kikamkauka. Mwezi wa kumi na moja alikuwa amezifungua zote. Alizifungua mwenyewe siku moja kabla, tena mpaka mwisho, maana bahili gani huyo wa kumlaza mtoto wake kwenye baridi? Yuchan alirukaruka sebuleni akilalamika kwamba sakafu ya bibi inaunguza.

"Pyo. Kama zilikuwa wazi zote, usiku ule mabomba yaligonga?"

"Hayakugonga."

"Hata kidogo?"

Pyo alimtazama usoni, akaelewa kwamba amegusa pasipoguswa. Akakusanya spana zake polepole. "Labda mtoto aliota, shemeji," akasema, na chai ya shayiri aliyomiminiwa akaiacha nusu.

Okbun alikaa sakafuni peke yake. Alikasirika kwanza. Kumbe aliposimulia kelele kwenye simu alimpa binti kisingizio, na binti akakitumia! Kisha hasira ikaondoka na kumwachia kitu kibaya zaidi: hofu kwamba mtoto wake hapendi tena kukaa naye. Akachukua simu.

"Mama, mbona mchana? Kuna nini?"

"Mabomba yamepona."

"Aa, afadhali."

"Siku ile ulipokuja pia yalikuwa mazima. Koki zote zilikuwa wazi. Nyumba ilikuwa kimya, Miran. Kama umenichoka niambie, nisiendelee kutandika godoro kila siku kama mwendawazimu."

Okbun alisubiri uongo mwingine, na kwa kweli angeupokea.

"Ilikuwa kimya," Miran akasema. "Ndiyo maana. Mama, chumba kile nimelala tangu nazaliwa, na sijawahi kulala hata siku moja bila kumsikia Baba akikohoa nyuma ya ukuta. Nilikuwa napiga ukuta kwa ngumi, namwambia nyamaza, kesho nina mtihani. Usiku ule nililala macho, nangoja akohoe. Mpaka kukapambazuka. Ningekwambia nini?"

Okbun aliutazama mlango wa chumba kikubwa, ambao yeye mwenyewe tangu mazishi hakuwa ameuvuka ila kwa kufagia tu. Kumbe haikuwa kubana gesi. Alikimbilia kachumbani asilale na ukimya ule, na mabomba yalipoanza kugonga aliyalaani mchana, usiku akapata usingizi.

"Miran."

"Naam, Mama."

"Njoo. Mlete mtoto. Leo nahamishia godoro langu chumba cha baba yako, nyuma ya ukuta wako. Nitakohoa mimi."

Miran akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Okbun, kumhakikishia kwamba anaweza, akakohoa palepale kwenye simu, vibaya kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuvuta vumbi la makaa.