Dada alifukizwa mpaka jicho likazima, tukafuata picha ya ubongo Nairobi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi.

Niko Tunduma kwa sasa, kesho sijui, miguu yangu haitulii. Ila nikisikia harufu ya samaki sangara tu, akili inarudi Kirumba kwetu kando ya ziwa, miaka ya tisini, viwanda vya minofu vinafunguliwa na kila nyumba ina mtu wa kuvaa buti nyeupe.

Kwetu alikuwa dada Kabula. Mjane, mkali wa kisu cha minofu pale kiwandani, anatulisha wote.

Ikaanza ganzi mkononi. Kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Mtaa mzima ukasema ni baridi ya kiwandani. Baada ya wiki chache likapona lenyewe, tukasahau.

Ukungu uliporudi, mama akasema kuna mtu kamwonea wivu. Tukavuka na feri hadi Kamanga kwa mganga. Akamfunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka.

Dada akapiga kelele: "Jicho limezima! Sioni!"

Mganga akachangamka. "Pepo anajitokeza huyo. Ongezeni kuni!"

Wakuu, nikalivuta lile blanketi. Tulipomtoa nje, upepo wa ziwa ukampuliza, akaanza kuona kidogo kidogo. Mama akaamini dawa imejibu, akataka afukizwe tena kesho yake.

Dada akagoma. "Mama, kwenye barafu ya kiwandani naona vizuri kuliko ndani ya blanketi lenu. Mnanipika!"

Nikampeleka hospitali. Daktari aliposikia habari ya mvuke akaweka kalamu chini.

"Inamisha kichwa, kidevu kiguse kifua."

Dada akaruka. "Yesu wangu! Kama nimeshika waya wa umeme, mpaka miguuni!"

Daktari akasema X-ray haitaonyesha kitu, tufuate Nairobi kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha ya ubongo. Wajomba wakauza ng'ombe.

Ile mashine inagonga kama mafundi bati, na ndani yuko dada yako. Nilisali sala zote ninazozijua.

Picha ikatoka na madoa meupe kwenye ubongo. Daktari wa kule akasema ni multiple sclerosis, kinga ya mwili inakula ganda la neva, yaani mishipa ya fahamu, na joto huizimisha kwa muda, ndiyo maana mvuke ulizima jicho. Madoa mengine yalikuwa ya zamani, yalikuja kimya kimya bila yeye kusikia chochote.

Dada akauliza, "Kwa hiyo sijarogwa?"

"Hapana, mama."

Akasema, "Afadhali ningerogwa. Mchawi anaombwa radhi, anaacha."

Alichomwa sindano, jicho likarudi nusu. Kisu aliacha, mkono haukumtii tena. Yuko Kiseke, anatembelea fimbo, mdomo bado mkali.

Nilichojifunza: dalili kuondoka yenyewe siyo kupona. Siku hizi nasikia kuna vipimo vya picha vinavyoona neva ikianza kuchakaa mapema kabisa. Ndugu yako macho yakimfifia kila anapopata joto, mtafutie daktari wa neva, siyo chungu.

Kama humu kuna mwenye ugonjwa huu, tafadhali andika hata mstari mmoja. Nitampigia dada nimsomee. Miaka yote hii hajawahi kukutana na mwenzake.