Barua za Baba Zilizopungua

Baba yangu alikuwa na kanuni moja kazini: jina kwenye faili lisomeke na mtu aliyesimama mlangoni.

Alikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, rafu za chuma hadi darini, dirisha moja lililogoma kufunguka tangu sijazaliwa. Nikitoka shule nampitia, ananipandisha juu ya kaunta na kunipa kalamu ya wino mnene.

"Andika kubwa, mama. Mgonjwa hana muda wa kumngoja karani anayepapasa."

Wauguzi walimwita Bwana Wino. Herufi zake zilisimama wima, nene, zimejaa mstari. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo: sauti ya kujaza korido, na kicheko ambacho mama alikisikia kabla geti halijalia. Naikumbuka mno ile harufu ya wino na karatasi kuukuu. Hadi leo nikifungua daftari jipya la vipimo vya wateja, nalinusa kwanza.

Nilipohamia mji mwingine kujifunza ushonaji, akaanza kuniandikia. Kila mwisho wa mwezi barua moja, kurasa mbili, mbele na nyuma, na zote zilianza hivi: "Kwako kitindamimba wangu." Mama kagombana na jirani juu ya kuku. Paka kazalia kwenye kapu la nguo safi, nguo za baba mwenyewe. Nilizisoma nimeegemea cherehani, wateja wananitolea macho, nacheka peke yangu. Simu tulikuwa nazo, lakini baba alisema simu haiwekwi kwenye bati. Mimi barua zake niliziweka kwenye bati la biskuti, zote.

Kisha zikaanza kupungua. Kurasa mbili zikawa moja, moja ikawa nusu. Na mwandiko nao ukawa mdogo, umebanana, unazidi kufifia kuelekea mwisho wa mstari. Nikawa nazipitia juu juu kuona kama kuna msiba, kisha ndani ya bati.

Nikienda nyumbani, baba naye kapoa. Nampigia hadithi zangu za wateja wanaonenepa kati ya kupimwa na kuvaa, zile zilizokuwa zinamliza kwa kicheko, uso umekaza. Kwenye simu sauti ilikuwa ya chini, nikisema "Baba, sikusikii," anampa mama.

Mwaka ule nilikuwa nimeachana na mume wangu. Nilipokwenda kuwatembelea nikakuta chumba changu cha zamani kimepakwa rangi upya, ya kijani, kitanda kimesogezwa kupisha nafasi kubwa dirishani. Hakuna aliyesema kitu. Nikajiambia, haya, wanataka kumpangisha mtu. Mtoto aliyeachika anawatia aibu, bora apatikane mpangaji. Nikalala kwenye kochi, asubuhi na mapema nikaaga.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sikuuliza. Barua zangu za kumjibu zikawa mistari mitano, kisha mitatu. Dawa ya moto ni moto, nilisema, na miaka minne ikapita.

Mama ndiye aliyenirudisha. Alipiga simu akasema, "Baba yako anafunga vifungo vya shati nusu saa. Nikimsaidia ananuna. Na kiatu cha kulia kinalika mbele tu. Wewe si fundi? Njoo uone."

Vifungo ni kazi yangu, nikaenda. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo, vidole vinakizunguka kifungo kimoja na haviingii. Nilisahau kununa.

Tulimpeleka hospitali ile ile aliyofanyia kazi. Siku hizi ina kliniki ya ubongo na mishipa ya fahamu mara mbili kwa mwezi. Tukapita masjala. Rafu hakuna, kompyuta nne tu mezani. Baba akasimama mlangoni kitambo.

"Hata pa kuandika hapana," alisema.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia, akamtembeza koridoni akiangalia mikono yake, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi. Halafu akampa kalamu aandike sentensi. Baba akaandika. Sentensi ilianza ndogo ikaisha ndogo zaidi.

"Siku zote anaandika hivi?"

Nikacheka. "Huyu? Huyu ni Bwana Wino!"

"Mna maandishi yake ya zamani?"

Kliniki iliyofuata nilikwenda na bati la biskuti. Daktari akazipanga barua mezani mwaka kwa mwaka, akachukua rula, akaanza kupima urefu wa herufi. Milimita saba. Tano. Tatu. Moja na nusu. Mimi ninayepima watu kila siku, sikuwahi kufikiria kupima hilo.

"Ni ugonjwa wa Pakinsoni," akasema. "Ulianza si chini ya miaka saba iliyopita."

"Lakini hatetemeki!"

"Si wote wanaotetemeka. Wengine mwili unapunguza tu. Mwandiko, hatua, sauti. Mwenyewe anadhani anasema kwa nguvu."

"Na uso?"

"Na uso. Anacheka moyoni, misuli haimfuatishi."

Babu yangu alimalizikia kitini, kimya, na watu wakasema ni uzee, wengine wakasema karogwa. Hakuna aliyempima chochote. Daktari alituambia ubongo unapungukiwa na kitu kinachoendesha mwendo, na vidonge vinasaidia kukijazia. Kupona haponi, lakini ugonjwa unashikika. Akaongeza mazoezi: karatasi yenye mistari mipana, na kila neno analoandika ajiambie kwa sauti, "Kubwa."

Mchana ule, nyumbani, nilichukua kioo cha kukuzia cha mama cha kusomea vikaratasi vya dawa, nikaanza kusoma zile nusu kurasa. Kwa ubishi wangu nikahesabu maneno. Barua ya kwanza ya kurasa mbili ilikuwa na maneno mia nne na kumi. Ya nusu ukurasa ilikuwa na mia nne na sitini. Jirani alikuwemo, kuku walikuwemo, paka alikuwemo. Na katika ile ya mwaka nilioachika, mstari wa tatu kutoka chini:

"Chumba chako nimekipaka rangi. Dirishani nimeacha nafasi ya cherehani. Njoo, usipige hodi."

Nililia hadi mama akatoka jikoni. Nikaenda kwenye kiti cha baba, nikapiga magoti.

"Baba, mimi nilidhani mnatafuta mpangaji."

Uso haukusogea. Midomo ilisogea, nikaweka sikio.

"Na mimi nilidhani hukuipenda rangi."

Cherehani yangu iko dirishani sasa. Vidonge vimemrudishia vifungo, na siku njema hata kicheko kidogo. Mwezi uliopita alikaa asubuhi tatu na brashi, ananong'ona "kubwa, kubwa," akaandika kwenye mlango wangu: KITINDAMIMBA. Linasomeka ukiwa getini, nimesimama pale kuhakikisha. Herufi tatu za mwisho zimepungua kidogo. Alitaka kuzifuta aanze upya, nikamnyang'anya brashi.