Chumba Alichokipamba Obedi

Muziki wa ule mchezo ulikuwa bado unapiga. Ndio ninaousikia mpaka leo kabla ya kitu kingine chochote, kinanda chepesi cha furaha kinachorudia palepale, kikipanda kutoka kwenye shimo la mawe meusi ambamo Papa Anselme alikuwa amejenga sale yake, chumba cha michezo ya televisheni, kule Lac Vert, pembezoni mwa mji. Ilikuwa Jumapili asubuhi, hakuna upepo. Nilisimama mlangoni na kitenge changu cha misa, nikamwita mdogo wangu: "Obedi! Mama anakungoja, toka!" Chini kule televisheni ilikuwa inawaka. Nilikiona chumba chake kwenye kioo, kile cha ndani ya mchezo, kitanda chenye shuka nyekundu, saa ukutani, ua dirishani. Obedi mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka mbele ya kioo, maneti, kile kidude cha kubonyeza ukicheza, iko bado mkononi. Nilidhani amesinzia. Nilikasirika, nikaanza kushuka ngazi huku ninamgombeza. Kitu kikali kama siki kikanichoma puani, ukuta ukazunguka, nikaanguka kwenye ngazi. Koko Stefania, bibi jirani yetu, ndiye aliyenivuta kwa kitenge mpaka nje huku anapiga kelele: "Usishuke! Ni mazuku! Mutu asishuke!" Nilikuwa ninatapika kwenye mawe na ule muziki unaendelea kucheka kule chini. Mama alipofika, wanaume walimshika mikono na miguu ili asijitupe mle ndani. Walimtoa Obedi jua lilipopanda na upepo wa ziwa ulipoanza kuvuma. Alikuwa hana jeraha hata moja.

Sisi hatukuyajua mazuku. Tulitoka Kalengera, barabara ya Rutshuru, tukikimbia bunduki, na kwetu kule hewa ni hewa tu. Wenyeji wa Lac Vert wanajua kwamba chini ya yale mawe ya volkeno hewa mbaya inatoka ardhini, haina rangi, ni nzito, inalala kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyolala. Usiku inajaa. Mchana upepo na jua vinaipunguza. Mbuzi akiingia asubuhi kula majani, harudi. Ndiyo sababu mahali pa namna ile wenyeji walisimika mti wenye kitambaa chekundu, kila mutu aone. Pale kwenye shimo la Anselme mti ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu. Niliuona pia siku ulipong'olewa, na aliyeung'oa ni Faustin, chifu wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu. Siku hiyo mbao za Anselme zilikuwa zimefika. Walisimama wote wawili wakicheka, Faustin akautikisa mti, akautoa, akautupa kwenye rundo la kuni. Mimi nilifikiri ni mpaka wa shamba la mtu.

Anselme alipenda lile shimo kwa sababu jua halikufika kwenye kioo na mawe yalizuia kelele. Alimwaga saruji chini, akatandika mikeka, akaweka televisheni mbili na mashine zake. Kiti chake mwenyewe alikiweka juu, mlangoni. Watoto walicheza mpira na vita kama watoto wote, lakini mchezo uliowashika hasa ulikuwa ule wa kijiji. Unapewa nyumba ndogo tupu. Unavua samaki, unachuma matunda, unauza, halafu unaingia dukani kununua vitu vya kupamba: viti, mazulia, taa, pazia, karatasi za ukutani, hata tangi la samaki. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, basi watoto walijifunza kwa kubonyeza kila kitu. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, inatunzwa kwenye kale ka karti kadogo, kadi ya kumbukumbu ya mashine. Mimi niliacha shule darasa la nne, nilikuwa ninauza mandazi mlangoni pale, na kutoka pale juu niliona vyumba vyote vikijengwa.

Wavulana wengine walijaza. Mmoja aliweka viti vya kifalme mpaka mtu wake akakosa njia ya kufika kitandani, wenzake wakamwita Dipo, maana chumba kilikuwa kama dipo, ghala la bia. Obedi hakufanya hivyo. Nyumbani tulilala watu sita katika kibanda cha mbao, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule, mvua ikinyesha tunakesha tumekaa. Mle ndani ya kioo alikuwa na kitanda cha peke yake. Alikisogeza ukutani, akakirudisha, akakisogeza tena. Alitafuta taa ya manjano wiki nzima kwa sababu nyeupe ilikuwa, alisema, ya hospitali. Viti viwili vikatazamana. Katikati akaacha wazi.

Siku ya Jumamosi Anselme alikuwa na desturi yake. Alishuka jioni, anapita kwenye nyumba moja moja kama askofu, na chumba kilichomfurahisha kinashinda. Zawadi yake ilikuwa Jumapili asubuhi: mshindi anacheza peke yake, bila foleni, mpaka saa ya misa. Hakuna kitu watoto wale walichokitaka kuliko hicho. Jumamosi ile alikaa kwa Obedi muda mrefu.

"Mutoto, juu ya nini hapa katikati umeacha bule?"

"Ni pa wageni, Papa. Wakikuja, watakaa wapi?"

"Wageni gani? Huyu mutu wako hana hata rafiki!"

Dipo akadakia, akininyoshea kidole mimi dada yake Obedi: "Ni pa yaya yake, auze mandazi ndani!" Wote wakacheka, na mimi pia nilicheka. Obedi hakucheka. Alisema, "Kwa Mama, Kalengera, ilikuwa hivi." Basi nikaangalia vizuri, nikaona ni kweli. Kitanda upande ule, dirisha upande huu, viti vinatazamana. Alikuwa ameijenga nyumba yetu iliyoungua. Anselme akanyanyuka. "Haya. Huyu ameshinda."

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapomkaba koo huyu mtu. Kila asubuhi ya siku za kazi, nilipokuwa ninapanga mandazi, Anselme alifungua mlango, akafunga taa ya mafuta kwenye kamba, akaiteremsha polepole mpaka chini. Mara nyingine ilizimika. Ikizimika, alikuwa anaacha mlango wazi, anavuta sigara yake, anatufukuza tusikaribie, halafu anateremsha tena mpaka ibaki inawaka. Nilimuuliza siku moja. "Ninatafuta nyoka," akasema. Nilimwamini, kwa sababu kwenye mawe kuna nyoka. Baadaye ndipo nilijua kwamba penye mazuku taa huzimika: alikuwa anaipima hewa. Hata Jumapili, washindi wengine waliotangulia aliwafungulia yeye mwenyewe, kwa taa yake na sigara yake. Lakini Jumamosi ile alikuwa na ndoa ya shemeji yake mjini, alitaka kunywa na kulala. Akamwambia Obedi, "Chukua ufunguo, kesho ujifungulie mwenyewe, unakuwa mukubwa sasa." Obedi alilala na ule ufunguo ndani ya ngumi. Alitoka bado tumelala.

Kwenye msiba, wahubiri walisema mchezo ndio ulimla. Mashetani wanakaa kwenye vile vyumba, walisema, wanampa mtoto kitanda huko ili wamchukue huku. Akina mama waliwapiga watoto wao waliocheza. Na Anselme, aliyekuwa ameketi mbele kabisa na shati jeupe, alikuwa anatikisa kichwa akikubali. "Ile kaseti ya mchezo niliitoa kwa watu wabaya," alisema, "nitaichoma." Aliichoma kweli, mbele ya watu, na watu wakampongeza. Faustin alisimama naye, akasema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba hapo mahali hapajawahi kuwa na mazuku. Koko Stefania akamjibu mbele ya wote: "Faustin, ule muti mulipikia nini?" Walimwambia anyamaze, ni uzee. Mimi nilipotaka kusema habari ya taa, mjomba alinibana mkono: sisi ni wageni hapa, unataka watufukuze?

Leo mtoto wangu wa kiume anacheza kwenye simu mchezo mpya wa mfululizo uleule. Kumbe haukuisha, umekuwa ukitoka mpya baada ya mpya miaka yote hii. Vitu vya kupamba sasa havihesabiki, unaweza kubadilisha hata rangi ya mito, na maneno yapo kwa Kifaransa. Ananiuliza, "Mama, pazia gani?" Ninamchagulia. Simwambii kitu. Tunaishi Katindo, juu mjini, kwenye nyumba ya matofali, naye ana godoro lake, jambo ambalo Obedi alilipata kwenye kioo tu. Hapo ninakubali kwamba maisha yamesogea. Lakini waliotawala mji huu wamebadilishana mara nyingi, na kwa kila waliokuja nilipeleka neno langu, na kila mara niliambiwa nisubiri, kuna mambo makubwa. Na Anselme sasa anauza viwanja. Viko Lac Vert, kwenye mabonde yaleyale. Nilipita mwezi uliopita nikaona familia inapima vyumba kwa kamba, msichana anamwonyesha baba yake kitanda kitakaa wapi. Hakukuwa na kitambaa chekundu popote. Niliwaambia. Baba akanijibu kwamba muzee Anselme amesema hayo ni maneno ya wivu.

Basi ninakuita kwa jina, Anselme, na wewe Faustin, mlio hai wote wawili na mnaokaa viti vya mbele kanisani. Msinitumie mchungaji wala mtu wa kuomba amani. Njooni Katindo mchana, nyumba ya Mama mnaijua. Amezeeka, haoni vizuri, lakini anasikia. Kaeni mbele yake mumwambie kwa vinywa vyenu mlichokuwa mnakijua siku ule mti ulipong'olewa, na siku mtoto wake alipopewa ule ufunguo. Halafu mtoke hapo, mwende kwenye vile viwanja, mkaiambie ile familia.