Mkanda Uliokaushwa Juu ya Jiko

Hii hamtaiamini, na siwalaumu. Baltazar wa Tlawi mwenyewe, huyo aliyekaa hapo pembeni anapukuchua mahindi kama habari haimhusu, atawaambia imeongezwa chumvi. Mwacheni. Hakuna mtu anayependa kusikia ya siku aliyoaibika.

Ni mwaka ule tulioambiwa sisi si Arusha tena, sasa ni Mkoa wa Manyara. Mkoa ulikuwa mpya, na Baltazar naye akataka kuwa mtu mpya. Akauza maksai wake wa kulimia, akanunua TV, deki na jenereta, akafungua banda la video. Kwa muda akawa bwana mkubwa. Halafu Tadei naye akafungua lake ng'ambo ya barabara, na mashine ya CD, picha inang'aa kama maji ya chemchemi. Watu wakaanza kuvuka barabara.

Kilichombakiza Baltazar ni mkanda mmoja wa kutisha ambao Tadei hakuwa nao. Kuna nyumba kubwa, watu wanauawa humo mmoja mmoja, na muuaji haonyeshi uso mpaka mwisho kabisa. Shida ni kwamba kila alipotaka kugeuka, kioo kilijaa chenga, na sauti ikawa kama fahali anakoroma ndani ya pipa.

"Kijana," Mzee Sulle aliuliza kutoka benchi la mbele, "huyo ni mtu au ni mvua ya mawe?"

"Ni mtu, mzee."

"Mbona hana uso?"

"Uso unakuja."

"Unatokea wapi, Gehandu kwa miguu?"

Watu wakacheka. Baltazar hakucheka. Alijua wakiondoka bila kuuona huo uso, kesho wote wako kwa Tadei, na yeye atarudi kulima kwa jembe la mkono, maana maksai wameshakwenda. Akawaahidi: Jumapili baada ya misa, uso watauona.

Akaomba spiriti kwa Scola, nesi wa zahanati, akasugua hedi za deki, vile vichwa vinavyosoma mkanda, kwa pamba mpaka vidole vikamuuma. Mkanda wenyewe ulikuwa umeanza kuota kuvu, kwa baridi ya Tlawi ya mwezi wa sita, ile inayolowesha hata kiberiti mfukoni. Akampa mama yake, Ernestina. "Mama, niwekee mahali pakavu. Pakavu kabisa."

Jumapili banda likajaa. Deki ikameza mkanda, picha ikaja ya rangi ya chai iliyochacha. Nyumba kubwa haionekani. Watu hawaonekani, vinapita viatu tu. Wanaozungumza wanazungumza kama wamefunikwa blanketi. Baltazar akaipiga TV kofi. Akazungusha kila kilichozunguka. Akatoka kukagua jenereta, akaikuta nzima, akarudi na hasira zaidi. Kisha muuaji akaanza kugeuka, kioo kikawa cheusi tii, na banda zima likanuka moshi.

Akauchomoa mkanda. Ulikuwa umejaa masizi, unanuka kama nyama ya kukausha.

"Mama, uliuweka wapi huu?"

"Darini, juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu. Ndipo pakavu kuliko pote. Moshi wa pale hauachi fukusi aishi."

"Mama, mkanda hauliwi na fukusi."

"Na haujaliwa," Ernestina akajibu kwa raha. "Uangalie, hauna hata tundu."

Baltazar akashika kichwa. Nyuma yake mabenchi yalikuwa yameanza kukwaruza sakafu, watu wanainuka, na mlango wa Tadei ulionekana wazi pale ng'ambo. Mwisho wa mkanda ule hata yeye hakuwahi kuuona. Akasimama mbele ya TV, akakunjua mikono.

"Kaeni. Muuaji ni mpishi."

Mabenchi yakaacha kukwaruza.

"Mpishi yupi?" Mzee Sulle akauliza. "Sisi hatujaona mpishi."

"Mtamwonaje na chenga hizi, mzee? Yumo tangu mwanzo."

Mzee Sulle akafikiri. "Yule aliyesimama karibu na mlango?"

"Huyo huyo."

"Mimi nilidhani ni kabati."

"Mimi nilimshuku mapema," Scola akasema. "Alikuwa ametulia mno."

Yakaanza mabishano, huyu anasema mpishi alivaa koti, huyu anasema hapana, aproni. Hakuna aliyevuka barabara siku ile. Na Jumapili iliyofuata, wakija kumtazama mpishi, banda lilifurika mpaka vijana wakakaa juu ya bati, foleni ikateremka mpaka Bashay, na Tadei akaja kwa magoti, mashine yake mgongoni, kuomba awe msaidizi wa—

Baltazar akadakia kutoka pembeni: "Bati gani, mjomba? Banda lilikuwa la nyasi. Na Jumapili hiyo alikuja Mzee Sulle peke yake, na mama."